Nilivyokwenda Mbuchi na Mwenye Ndege

Tangu nirudi mmekuwa mkinidaka mmoja mmoja, huyu dukani, huyu msibani, mnataka kujua yaliyonikuta Rufiji na kwa nini nilishuka garini na matope mpaka kwenye ushungi. Nimechoka kusimulia vipande. Leo nimekaa niandike yote, kituo baada ya kituo, na tukimaliza tumemaliza.

Wengi wenu mnajua kwamba ujana wangu niliumalizia kwenye kaunta ya Kipungu, nikikata tiketi. Kwa msiojua, Kipungu lilikuwa shirika la ndege, dogo kiasi kwamba siku lilipokuwa na ndege mbili, ya pili ilikuwa stoo ya vipuri vya ile ya kwanza. Lilikwenda Mafia, Kilwa na Lindi, na mara nyingi halikwenda. Mwenye mali, Bwana Rajabu Mfaume, mpaka leo anataka aitwe Mkurugenzi, ingawa shirika lilikwisha kufa na ofisi yake sasa inauza vigae vya bafuni.

Mwaka huu kaingiwa na wazo kwamba Kipungu litafufuka. Kasikia wenye fedha wanapenda kampuni yenye historia, basi anataka historia iandikwe, iwe kitabu chenye jalada gumu. Alinijia mimi kwa sababu wenzangu wa zamani ama wamekufa ama hawapokei simu yake. Nilikubali kwa jambo moja tu. Muda wote niliokaa pale kaunta niliwaeleza watu habari za uwanja wetu wa Mbuchi, kule kwenye delta, uwanja ambao Mkurugenzi aliutaja kila alipopewa kipaza sauti, na mimi sijapata kuuona. Nilitaka niuone kwa macho yangu.

Mbagala hadi Kibiti

Tulipatana tuondoke baada ya swala ya alfajiri. Tuliondoka jua limekwisha kuwa kali, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa anatafuta kofia yake ya rubani. Hajawahi kuwa rubani. Kofia aliishonesha mwenyewe Kariakoo shirika lilipoanza, na siku hizo alikuwa akiivaa hata kwenye harusi za watu.

Dereva wetu alikuwa Seif, mpwa wa mkewe, mtu mzima mwenye teksi yake Temeke, ambaye safari nzima aliongea kidogo na kusikia kila kitu. Mkurugenzi alikaa mbele, akalaza kiti mpaka kikanibana magoti, akafumba macho na kuanza kunitajia ya kuandika. Kwamba Kipungu lilizaliwa kutokana na kiu ya wananchi wa kusini ya kupata usafiri wa uhakika.

Nikamkumbusha kwamba lilizaliwa kutokana na ugomvi wake na kaka yake. Baba yao aliacha mabasi. Kaka mtu akayachukua yote, na huyu akaapa mbele ya ukoo kwamba iko siku atapita juu ya kichwa chake. Kisa hicho pale ofisini alikijua hata mfagiaji. Mkurugenzi akasema mambo ya ndani ya familia hayaingii kitabuni. Nikamuuliza sasa kitaingia nini.

Ndege ya kwanza aliinunua kwa watu waliokuwa wakinyunyizia dawa mashamba huko bara. Aliipaka rangi ya kijani, akaweka viti, lakini siku za joto ile dawa ilikuwa ikitoka kwenye mabati, na abiria walishuka Mafia macho mekundu, wenyeji wakawapa pole wakidhani wametoka kuzika. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akapanda, akakaa, na mlango ukakataa kufunga. Rubani akaufunga kwa kamba ya katani. Mgeni rasmi aliitazama ile kamba kwa muda, kisha akakumbuka kwamba ana kikao. Kwenye kitabu Mkurugenzi anataka ionekane kwamba kiongozi huyo alilizindua shirika na kuridhishwa na alichokiona.

Mimi kazi yangu hasa haikuwa tiketi, ilikuwa kuomba radhi. Tulifundishwa jibu moja, hali ya hewa. Ndege haina mafuta, hali ya hewa. Rubani kasusa, hali ya hewa. Jua linawaka, anga jeupe, abiria kaketi juu ya begi lake ananitazama machoni, nami namwambia hali ya hewa. Kulikuwa na mama mmoja wa Kilwa aliyetuzoea. Akifika ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto, kisha anauliza kama leo hali ya hewa iko gereji au iko benki.

Chai ya Kibiti

Kibiti tulisimama stendi, tukaingia kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza chai, maandazi na mihogo ya kukaanga. Mihogo ile nitaitetea popote. Ilikuwa imekauka nje na laini ndani, na pilipili yake ilikuwa ya ndimu. Katika safari nzima hicho ndicho kitu cha kwanza kilichofika kwa wakati.

Mkurugenzi alivaa kofia kabla hajashuka. Alipokwisha kunywa kikombe kimoja alimuuliza yule mama kama anaikumbuka Kipungu. Mama akafurahi. Akasema anaikumbuka sana, mbona siku hizi haisimami hapa, zamani ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Nangurukuru kwa dada yake, na konda wake alikuwa mtu mpole. Mkurugenzi akamweleza kwamba Kipungu ilikuwa ndege. Mama akamtazama, akaitazama na kofia, akasema kwa upole kwamba ile ya kijani anayoijua yeye ilikuwa na magurudumu.

"Hata ndege ina magurudumu," akasema Mkurugenzi.

"Basi ndiyo hiyohiyo, baba," akasema mama, akamwongezea chai.

Mimi nilijua anasema basi gani. Mabasi ya kaka mtu nayo yalikuwa ya kijani, na yalikuwa yakisimama Kibiti kila siku ya Mungu. Seif alikohoa ndani ya kikombe chake.

Tulipotaka kuondoka gari halikuwaka. Seif alimfuata fundi wa betri, fundi alikuwa amekwenda kula, na alipomaliza kula alikuwa amekwenda kuswali. Tukakaa. Vijana wa bodaboda walituzunguka, na Mkurugenzi hakuiacha nafasi hiyo ipotee. Aliwaeleza mpango wa kulirudisha shirika, ndege mpya, ajira kwa vijana. Walimsikiliza kwa adabu, maana hawakuwa na abiria. Mmoja wao akamuuliza hiyo ndege kwa sasa iko wapi. Mkurugenzi akajibu iko kwenye maandalizi. Yule kijana akawageukia wenzake akasema, "Mzee anauza upepo," wakatawanyika mmoja mmoja, bila fujo, mpaka tukabaki sisi na maganda ya korosho.

Daraja la Ndundu

Baada ya Ikwiriri Mkurugenzi alianza kutaka gari liende kasi. Nilifikiri anawahi, kumbe alikuwa hataki kuliona daraja.

Hapa lazima nieleze, maana ndiyo kiini cha shirika lenyewe. Zamani mto pale Ndundu ulivukwa kwa pantoni. Mto ukijaa, au pantoni ikiharibika, magari yalilala foleni, watu wakalala chini ya magari, ndizi zikaoza, wagonjwa wakazidiwa. Mkurugenzi alipita pale siku moja, akawaona watu wale wamekwama, na moyo wake ukajaa furaha. Hesabu zote za Kipungu zilijengwa juu ya foleni ile. Mvua ikinyesha sana, ofisini kwetu ilikuwa sikukuu. Halafu serikali ikajenga daraja. Siku lilipofunguliwa watu wa kusini walishangilia, na sisi tulikaa kaunta tukitazamana. Abiria wa Lindi walikwisha kabla ya mwezi kuisha.

Seif hakwenda kasi. Alipofika katikati ya daraja alipunguza kabisa, akasema amesikia viboko huonekana kwenye mafungu ya mchanga, akawa anawatafuta kwa utulivu. Mto ulikuwa mpana, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho.

"Wangenishirikisha," akasema. "Mtu anajenga daraja hapa, kuna mwekezaji wa anga, hata kumuita kikaoni hamna."

Nikamuuliza angewashauri nini. Akasema angewashauri wangoje kidogo.

Ni baada ya kupigwa na daraja ndipo alipoigeukia delta, mahali ambapo aliamini hapatapata barabara mpaka kiama. Mpango ulikuwa kamba. Delta ina kamba wakubwa, mahoteli ya Dar yanawataka wabichi, basi ndege itatua Mbuchi, itapakia, na jioni kamba wako mezani. Aidha, alisema, wagonjwa wa delta watabebwa bure. Alikwenda, akawaita wananchi mkutanoni, wakampa ardhi. Safari ya kwanza ya kamba ndege ilichelewa, barafu ikayeyuka, na mzigo ulifika Dar umekwisha kuwa kitu kingine. Viti vilisuguliwa kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu. Haikusaidia. Kuanzia hapo aliyepanda Kipungu alinuka kamba mpaka afuliwe, na abiria wetu wa Mafia, ambao walikuwa wamevumilia dawa ya wadudu, hilo hawakulivumilia. Hiyo ndiyo iliyoua shirika. Mkurugenzi ananiambia niandike kwamba ni kupanda kwa bei ya mafuta.

Muhoro, bodaboda na maji

Tulilala Muhoro. Tulikula wali na pelege wa mtoni, samaki mtamu mwenye miiba mingi, na Mkurugenzi alilalamikia miiba kana kwamba mpishi ndiye aliyeitia.

Asubuhi Seif alibaki na gari, maana mbele ya hapo mafuriko yalikuwa yamekwisha kuila barabara. Tukachukua bodaboda mbili. Yangu ilizama kwenye dimbwi lililoonekana kama kivuli cha mti, mimi nikaenda upande wangu na dereva upande wake, na hayo ndiyo matope mliyoyaona. Mkurugenzi alipita salama, mkono mmoja kashika kofia, wala hakugeuka nyuma.

Kwenye gati la boti maji yalikuwa yamekupwa. Mwenye boti, mtu wa makamo mwenye kanzu iliyokunjwa kiunoni, alikuwa ameketi anasokota kamba ya nanga. Mkurugenzi akamuuliza tunaondoka lini. Akajibu maji yakijaa. Akamuuliza yatajaa lini. Akajibu yakishajaa tutaondoka. Mkurugenzi akaanza kutembea kutoka mwisho wa gati hadi mwisho mwingine, akitazama saa, akisema huu si utaratibu, abiria ana haki ya kuambiwa, mtu hawezi kuwekwa tu namna hii bila maelezo. Niliwaza maelfu ya watu waliokaa juu ya mabegi yao mbele ya kaunta yangu. Nikamwambia ni hali ya hewa. Aliniangalia vibaya, lakini alikaa.

Boti ilipita mikononi mwa mto, mikoko pande zote, njia zimegawanyika mpaka ukadhani unarudi ulikotoka. Kwa mbali tuliona nyumba zilizobaki kuta nusu, alama ya tope ikiwa juu ya madirisha. Mwenye boti alisema watu wa pale sasa wamehamia kwenye mwinuko. Mkurugenzi aliuliza mwinuko gani.

"Uwanja wa ndege," akasema mwenye boti.

Mbuchi

Walikuwa wametutandikia mikeka. Kulikuwa na wali wa nazi, kaa, kamba wa kukaanga, kuku wawili watatu, na wanawake walikuwa wamevaa khanga za kutokea. Waliimba tuliposhuka. Mkurugenzi aliinama sikioni kwangu akasema niandike hilo, kwamba baada ya miaka yote watu wanaikumbuka Kipungu kwa nyimbo.

Mama yangu alikuwa Mndengereko, mnalijua hilo. Kwa hiyo wale akina mama waliokuwa wakipakua nyuma yangu walipoongea lugha yao, wakidhani wageni hawasikii, mimi niliwasikia. Walikuwa wakisema kwamba leo uwanja unarudi, kwamba hata kofia ya kiserikali amevaa, kwa hiyo neno lake ni rasmi. Mmoja alisema yeye keshachagua pa kuweka mlango.

Nilimwita Salma, mtendaji wa kijiji, binti mwenye sauti ndogo na msimamo mkubwa, nikamuuliza walichoambiwa. Akanieleza kwamba uwanja ulipotengwa, kijiji kiliiandikishia kampuni ardhi yote ya mwinuko. Kampuni ikapotea. Mafuriko yalipokuja, mwinuko ule ndio peke yake uliobaki mkavu, watu wakakimbilia huko na mbuzi na magodoro, na mpaka leo wako pale chini ya maturubai. Kila wakitaka kusimamisha nyumba, wilayani wanaambiwa ardhi ina mwenyewe, atafutwe aseme. Walimtafuta mpaka kwenye duka la vigae. Ndipo wiki iliyopita akapiga simu mwenyewe, akasema, "Nakuja tumalizane habari ya uwanja."

Yeye alikuwa na maana ya kumaliza sura ya kitabu. Wao walielewa kama ambavyo mimi na wewe tungeelewa.

Nilimfuata Mkurugenzi nikamnong'oneza kwamba hawa watu wanangoja uwarudishie ardhi. Akasema wamefurahi, niwaache wafurahi, akasimama kuhutubia.

Alihutubia. Alisema Kipungu linarudi. Alisema hivi karibuni wataona ndege ikitua hapa mara mbili kwa wiki, watalii watakuja, kamba watakwenda Dubai. Alinyoosha mkono kuelekea mwinuko, ambako moshi wa mafiga ulikuwa unatoka kati ya maturubai, akasema eneo lile itabidi lisafishwe. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke aliyekuwa na sinia la kaa alilirudisha chini taratibu.

Aliyesimama alikuwa mama mtu mzima, Bi Mwanahawa, miwani yake imefungwa kwa uzi. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba nyumba yake ilikuwa juu kule, na minazi ya baba yake. Waliombwa wahame, wakahama, minazi ikakatwa, wakashuka bondeni. Waliambiwa akiwapo mgonjwa watandike mashuka meupe uwanjani, ndege ikiona itashuka. Mume wake alipozidiwa wakatandika mashuka. Ndege ilipita juu, ikaenda zake Mafia. Ikapita tena kurudi. Wakayakunja mashuka, wakamtia mzee kwenye mtumbwi, wakapiga kasia mpaka hospitali, na akapona, akaishi nao miaka mingi. Akasema yeye hana kinyongo na hilo, maana siku ile walijua chombo chao ni kipi. Lakini nyumba ya bondeni imechukuliwa na maji.

"Sisi hatukukuita utuletee ndege," akamalizia. "Tunaomba tujenge."

Mkurugenzi akavua kofia, akapangusa paji la uso, akairudisha. Akasema amewasikia, ni maombi ya msingi, ila suala la ardhi si lake peke yake, itabidi akakae na wabia wake wa kampuni, baadaye watapewa majibu. Niliwaona wakiyapokea maneno yale. Watu wa delta wameshaambiwa baadaye na watu wengi, wanajua namna ya kulipokea neno hilo, mtu anatazama chini tu.

Nami nikasikia sauti yangu mwenyewe. Sikuwa nimepanga.

"Wabia gani, Mkurugenzi?" nikasema. "Mimi nilikuwepo. Kampuni ilikuwa wewe, na kampuni haipo. Hakuna mtu mwingine duniani wa kukaa naye."

Mkurugenzi alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, si ya hasira. Alikaa kwenye mkeka. Salma, Mungu ampe maisha, akasema chakula kinapoa, tukala. Walimpakulia yeye kwanza na wakampa kaa mkubwa kuliko wote, na hilo nadhani lilimuumiza kuliko maneno yangu. Alikula kidogo.

Tulipomaliza maji yalikuwa yamekupwa tena na boti imelala kwenye tope. Hapakuwa na pa kwenda. Bi Mwanahawa alimwambia Mkurugenzi, kama mtu anavyomwambia mgeni, twende ukautazame uwanja wako. Nikawafuata.

Basi nikauona. Ni ukanda wa mchanga, mrefu, umenyooka, majani mafupi, hapa na pale visiki vya minazi. Si mahali pabaya. Maturubai yalikuwa yamepangwa kwa mistari, sufuria zimefunikwa, nguo zimeanikwa, godoro limesimamishwa lipigwe na jua. Bi Mwanahawa alikuwa akimwonyesha maji yalipofikia, nani alijifungulia wapi, ng'ombe wa nani walifungwa wapi, siku boti za misaada zilipochelewa. Mkurugenzi alitembea urefu wote wa uwanja akarudi, mikono nyuma. Sijui alikuwa anawaza nini na sitaki kumsingizia. Ninachokijua ni kwamba katika maisha yote ya Kipungu, ndege zake zote pamoja hazikupata kuokoa mtu yeyote, na ile ardhi aliyoitelekeza iliokoa kijiji kizima.

Alipomfikia Salma alisema neno kwa sauti ya chini. Salma akamuomba arudie, watu wasikie. Akarudia.

"Jengeni."

Hakuna aliyeimba. Salma alimtaka aandike na kutia sahihi, akatia palepale juu ya paja lake. Wanawake wakaingia kwenye maturubai wakatoka na majembe na mitarimbo. Nilishangaa kasi yao, mpaka nikaelewa kwamba vigingi vya kupimia walikuwa wamekwisha kuvichonga. Walikuwa na kila kitu isipokuwa neno lake.

Mwisho wa uwanja palikuwa na nguzo ya chuma iliyokuwa ya mfuko wa kuonyeshea upepo. Mfuko ulikuwa umeoza zamani. Akina mama wakaanza kuichimbua, na Mkurugenzi akashindwa kujizuia, akasema hiyo ni mali ya shirika.

"Tuliichimbia sisi," akasema Bi Mwanahawa. "Wewe ulikuja siku ya kukata utepe."

Waliibeba mpaka mahali Bi Mwanahawa alipokuwa akikaa zamani, wakachimba shimo jipya, wakaitia iwe nguzo ya kati ya nyumba yake. Ilikuwa ndefu na inayumba. Bi Mwanahawa akatazama huku na huku, akamuona Mkurugenzi, na urefu wake wote, amesimama bure, akamwambia ashike. Akashika kwa mikono miwili, na wao wakaanza kushindilia udongo kuzunguka miguu yake, viatu vyake vya ngozi vikiwa ndani ya mchanga. Mwenye boti alipokuja kusema maji yamejaa, Mkurugenzi alimjibu angoje, udongo haujashika.

Kurudi

Msidhani aligeuka malaika. Hatujatoka hata kwenye mikoko alikuwa amekwisha kulipata jina, mradi wa makazi wa Kipungu. Akaniambia nifungue sura mpya, niandike kwamba shirika limetoa ardhi kwa wahanga wa mafuriko na kushiriki katika ujenzi.

Nikamwambia nitaandika kwamba alishika nguzo.

Akauliza ndiyo hivyo tu.

"Ndiyo hivyo tu," nikamwambia. "Katika kazi zote za Kipungu nilizopata kuziona, hiyo ndiyo pekee iliyosimama."

Muhoro tulimkuta Seif amelala ndani ya gari, betri nzima. Tulipovuka Ndundu niligeuka kuwatafuta viboko na sikuwaona. Mkurugenzi safari hii alikuwa macho, anautazama mto, suruali yake ina mchanga mpaka magotini.

Kitabu sijaanza.